Hewa Ugali, Petroli Mboga

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimesimama kituoni hapa Upplands Väsby, mfuko wa viazi mkono mmoja, mkono wa pili nimemshika mwanangu, tunangoja basi. Unawajua watu wa huku kiangazi kikianza kuonyesha uso. Huyatoa mabandani magari ya zamani waliyoyalaza majira yote ya baridi, wakayapangusa mpaka yakang'aa, kisha wakatembea nayo polepole ili tuyaone. Likapita moja, jekundu, la enzi za kabla sijazaliwa, linaendeshwa na mzee mwenye kofia. Likaacha nyuma moshi mweusi na ile harufu ya petroli mbichi. Kabla sijafikiri, mdomo wangu ukasema wenyewe: "Linakula mafuta mengi hilo. Hewa haitoshi."

Mwanangu akaniuliza kwa Kiswidi nimesema nini. Nikamwambia si kitu. Basi likaja, moja la haya ya umeme ambalo hata hulisikii mpaka lisimame mbele yako, tukapanda. Njia nzima nilikuwa namwaza Baba.

Wewe hukumjua, kwa hiyo acha nikusimulie. Baba alikuwa fundi wa injini. Kule Tanga alifanya kazi kwenye shamba la mkonge, na karakana ya shamba lile ilikuwa na injini kuukuu ambazo hata walioziagiza walishasahauliwa majina. Vipuri havikuwepo. Alichokosa alikichonga. Ndipo akachaguliwa kuja Sweden kwa mafunzo, na mafunzo yalipokwisha Mama akamfuata, mimi mgongoni, na kurudi kukawa kunasogezwa mbele mwaka hadi mwaka. Cheti chake cha Tanga hapakuwa na mtu aliyejua akisomeje. Cha hapa kilikuwa cha miezi michache tu. Akapata kazi ya kuosha mabasi, akaishika.

Tuliishi Hässelby, ghorofa ya tatu, mwisho kabisa wa reli ya kijani ya treni za mji mkuu. Nikifumba macho nyumba ile bado inanukia. Mama alikuwa akipika wali kwa tui la kopo, akikaanga samaki huku amefungua madirisha yote, hata theluji ikiwa inaanguka, ili majirani wasije wakagonga mlango. Mimi kazi zangu zilikuwa vyombo, na kumsaidia Mama kubeba nguo kwenda chumba cha kufulia kule chini, ambako ilibidi uandike saa yako kwenye daftari, na ole wako uipitishe kwa dakika tano. Baba alikuwa akirudi ananuka sabuni ya mabasi. Alikuwa anaoga, anakula, halafu anakaa mezani. Sikumbuki hata mara moja akilalamika. Nakumbuka tu vidole vyake, jinsi vilivyokuwa vikitafuta kitu cha kushika juu ya meza, kofia ya chupa, kijiko, chochote chenye skrubu.

Chini yetu aliishi jirani, mzee wa Kiswidi aliyefiwa na mkewe. Mama alinifundisha kumwita Babu, na yeye akalizoea jina hilo bila kuuliza maana yake. Alikuwa na kipande cha bustani cha kukodi karibu na ziwa, chenye kibanda cha mbao, matunda madogo mekundu na makali, na matuta ya viazi. Siku moja alimwona Mama anakagua udongo wa maua mbele ya jengo kwa vidole. Kesho yake akatuletea ufunguo wa bustani. Mama akapanda mchicha, ukaota vizuri. Akapanda bamia, zikakataa. Jumapili zote za kiangazi kile tulikuwa kule, Mama ameinama matutani, mimi nimekaa juu ya kreti nakula yale matunda mpaka meno yananisisimka, na Baba yuko kibandani na jirani.

Maana mle kibandani kulikuwa na injini. Ilikuwa ya baba yake jirani, ya silinda moja, yenye gurudumu zito la chuma pembeni, na zamani ilikuwa inazungusha msumeno wa kuni shambani kwao. Jirani alikuwa amejaribu miaka mingi kuifufua. Ilikuwa ikiwaka inapiga mara tatu nne, inakohoa, inazima. Mara ya kwanza Baba alipoiona aliizunguka kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini. Akainama, akaifungua sehemu ya kuchanganyia mafuta, akaanza kucheka.

"Njoo uone, mwanangu," aliniita. "Hii ndiyo babu wa babu wa kabureta zote."

Lilikuwa kopo tu. Ndani yake unamimina petroli, injini inavuta hewa, hewa inapita juu ya petroli na kubeba mvuke. Basi. Baba alinieleza kwa subira ile aliyokuwa nayo kwa mambo ya injini peke yake. Petroli ikiwa bado maji haiwaki inavyotakiwa, lazima iwe mvuke, na mvuke lazima uchanganyike na hewa kwa kipimo. Kopo lile halikuwa na kipimo. Siku ya joto linatoa mvuke mwingi, siku ya baridi hakuna kitu. Tena ile petroli nyepesi inatangulia kuondoka, inabaki nzito iliyochoka, na injini inakataa.

"Sasa kipimo ni kipi?" nilimuuliza, nadhani kwa kumridhisha tu.

"Hewa ni ugali, petroli ni mboga," akasema. "Ugali unajaza sahani, mboga kidogo pembeni. Watu wanadhani injini inakula petroli. Inakula hewa. Petroli ni ya kutowelea."

Kiangazi chote waliifanya kazi ile, yeye na jirani, bila lugha. Baba alikuwa na Kiswidi cha salamu na cha kazini. Kiingereza cha jirani kilikuwa cha kuhesabu mpaka kumi. Walionyeshana kwa vidole, walichorana vumbini, walikunywa kahawa nyeusi kutoka kwenye chupa moja ya chai. Jirani alikuwa na desturi ya kukubali kwa kuvuta pumzi ndani, kama watu wa kaskazini ya huku wanavyofanya, na Baba naye akaanza kukubali hivyo hivyo, hata nyumbani, Mama akicheka.

Alitengeneza kabureta mpya kwa vitu vya jalalani. Bakuli la mafuta lilikuwa kopo la samaki. Ndani yake kizibo cha chupa kilielea, kikipanda kinaziba njia, kikishuka kinaifungua, ili mafuta yabaki kimo kimoja daima. Kizibo kililoa petroli na kuzama, akakipaka rangi ya kucha ya Mama, matabaka matatu, kikaacha kuzama. Tundu la kutolea mafuta alilitoa kwenye jiko bovu la mafuta ya taa, lile la kupampu. Na bomba la hewa alilifinya katikati, likawa na koo jembamba.

"Umeona mrashi wa harusini?" aliniuliza. Nilikuwa sijauona, nilikuwa nimekulia Hässelby. Akachukua chupa ya manukato ya Mama akaibonyeza usoni kwangu. "Ndivyo hivyo. Hewa ikifika penye koo inakimbia, na ikikimbia inayavuta mafuta, yanatoka kama ukungu. Si maji tena. Ukungu."

Hapo bado haikukaa sawa. Alikuwa anafungua plagi, anaitazama kwenye mwanga. Ikiwa nyeusi, mafuta mengi. Ikiwa nyeupe, hewa nyingi, na siku hizo injini ilikuwa inapiga chafya kwa nyuma mpaka Mama anaruka matutani. Akalizungushia bomba la hewa joto la moshi wa injini yenyewe, ili asubuhi za baridi zisiizime. Ikawa anageuza skrubu robo, anasikiliza, anarudisha nusu ya robo. Mpaka Jumapili moja ya Agosti ikawaka na haikuzima. Ilipiga kwa utulivu, kila pigo mahali pake, na vikombe vya kahawa vikatetemeka rafuni. Jirani alivua kofia. Baba alichomoa plagi baadaye akaniletea kwenye kreti langu. Ilikuwa ya rangi ya chai ya maziwa.

"Hiyo ndiyo," akasema. Sikuwahi kumwona na uso ule kabla, wala baadaye.

Jirani alimfahamu mtu aliyefahamu karakana moja nje ya mji, ya kufufua injini za zamani kwa ajili ya wenye mali na maonyesho. Walikuwa wanatafuta fundi. Akapiga simu, akamsifia Baba, akapangiwa siku, na akaahidi kwenda naye ili amsemee. Juma moja kabla ya siku hiyo gari la wagonjwa lilimchukua jirani kwa ajili ya moyo. Mama, aliyekuwa akifanya kazi hospitali, alikuwa zamu wodini, hakuruhusiwa kubadilisha. Nikabaki mimi. Nilikuwa na miaka kumi, Kiswidi changu kilikuwa kile cha shule, safi kabisa, na nyumbani barua zote za serikali nilizisoma mimi. Hakuna aliyeona tatizo.

Baba alivaa suti. Kabureta aliifunga kwa taulo akaipakata njia nzima. Karakana ilikuwa safi kuliko jiko la Mama. Mkuu wake alikuwa mwanamke mrefu mwenye ovaroli, na pamoja naye mzee wa miwani aliyekuwa bingwa wao, na kijana mmoja aliyekuwa akipiga msasa pembeni. Walikuwa watu wazuri, nataka ulijue hilo. Walinipa sharubati na kiti.

Mzee wa miwani akaifungua taulo, akaitazama kabureta kwa muda mrefu. Akaniambia nimuulize Baba, asubuhi ya baridi anaiweka *fet* au *mager*.

Maneno hayo niliyajua. *Fet* ni mnene, *mager* ni mwembamba, tulikuwa tunaumizana nayo shuleni. Sikujua kwamba mafundi wa Kiswidi huita mchanganyiko wenye petroli nyingi mnene, na wenye petroli kidogo mwembamba.

"Baba, anauliza, asubuhi ya baridi unaiweka nene au nyembamba?"

"Nini nene?"

"Injini."

Baba akafikiri kwa heshima, kama swali la maana. "Mwambie kipenyo cha silinda ni inchi tatu na nusu. Hakibadiliki kwa baridi."

Nikasema: inchi tatu na nusu, na baridi haina shida. Mzee wa miwani akaandika, akafuta. Akaniangalia mimi badala ya Baba, akauliza tena, polepole, alijuaje kiasi cha hewa.

Swali hilo Baba alilielewa mwenyewe. Uso ukamfunguka. Akaanza kueleza, koo jembamba, tundu la jiko, kizibo na rangi ya kucha, mrashi, moshi wa kupashia joto, rangi za plagi, miaka yake yote ya mkonge ndani yake, mikono inaenda, na alipofika mwisho akanigeukia kwa fahari: "Mwambie hivyo."

Kwa Kiswahili nilielewa kila kitu. Kwa Kiswidi sikuwa na neno hata moja. Nilitafuta koo, nikapata koo la mtu. Nilitafuta mrashi, sikupata. Walikuwa wananingoja, wote wanne. Nikashika lile nililolikumbuka.

"Anasema hewa ni uji mgumu," nikasema, "na petroli ni mboga za majani."

Kijana wa msasa akacheka. Mkuu akamtazama, kijana akarudi kwenye msasa wake. Lakini Baba alikuwa amekisikia kile kicheko, akadhani maneno yake ya ugali yamefika, akacheka naye pia, kwa sauti, akitikisa kichwa, akimwangalia kila mmoja. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimeharibu, na sikujua nirudi wapi nianze upya.

Yule mkuu alichutama mbele ya kiti changu. Akasema kwa upole nimwambie baba yangu kwamba wanashukuru sana, kazi ya mikono yake ni nzuri, lakini wanahitaji mtu watakayeelewana naye. Nimwambie samahani.

"Wanasemaje?" Baba akauliza.

Alikuwa anaifunga kabureta ndani ya taulo, anatabasamu bado.

"Wanasema watapiga simu."

Kituoni alininunulia andazi la mdalasini. Nilikula lote, sijui nililimezaje.

Simu yetu ilikuwa ukutani kwenye ujia. Baba alihamishia kigoda pale. Siku za mapumziko hakwenda bustanini, alikaa na gazeti asiloweza kulisoma, na Mama alikatazwa kuzungumza na dada yake zaidi ya dakika mbili. Nikirudi shule nilikuwa naomba Mungu mlangoni nimkute kazini. Nikimkuta alikuwa ananiuliza, "Una hakika walisema watapiga?" Nami nilikuwa nasema ndiyo. Ungeweza kudhani uongo wa namna ile unachosha, kwamba siku moja utamponyoka mtoto. Haukuniponyoka. Kila siku nilikuwa naona kwamba jana ingekuwa rahisi zaidi kusema.

Wiki ya tano au ya sita nilirudi nikakuta kigoda kimerudishwa jikoni.

Jirani hakurudi. Wakati majani yanapukutika binti yake alikuja na tela kuondoa vitu bustanini, kwa sababu kiwanja kilikuwa kinapewa mtu mwingine. Wanaume wawili waliibeba injini, wakaitupa juu ya vyuma chakavu vya baiskeli. Yule binti aliniambia nimuulize baba yangu kama angependa kubaki na chochote. Baba alitazama tela. Tulikuwa tunaishi ghorofa ya tatu, vyumba viwili.

"Mwambie hapana, asante," akasema.

Hiyo niliitafsiri sawasawa. Kabureta nayo aliirudisha mahali pake siku ile ile, akakaza skrubu mbili kwa vidole, ikaondoka pamoja na injini.

Aliosha mabasi mpaka akastaafu. Nilipokuwa na miaka kumi na sita nilikuta maktabani kitabu cha Kiswidi cha injini za kale, chenye michoro. Kulikuwa na kopo la mvuke, kizibo kinachoelea, koo, tundu, *fet* na *mager*. Nikakaa sakafuni kati ya rafu nikajifunza maneno yote. Ilinichukua mchana mmoja. Nilikuwa nayajua yote kabla maktaba haijafungwa.

Nilimwambia Baba miaka miwili iliyopita, jikoni kwake, Mama akiwa ameshatangulia. Nilimwambia yote, uji, mboga za majani, kile walichosema kweli. Alikuwa anamenya chungwa. Alimaliza kulimenya.

"Ulikuwa na miaka kumi," akasema.

"Ungenigombeza, Baba."

"Mle ndani wanaojua Kiswahili tulikuwa wawili, mimi na wewe. Ningeweza kukuuliza tena nikuangalie machoni. Sikutaka." Akanipa nusu ya chungwa. "Kungoja simu kulikuwa afadhali."

Akawasha redio.

Baba alifariki mwezi Machi mwaka huu. Sasa nakwenda Hässelby nikiwa mgeni. Viwanja vile vya bustani vimepangwa upya, sikuweza hata kusema kibanda kilikuwa upande gani. Chumba cha kufulia kina mlango wa kadi, daftari halipo. Mchicha wa Mama, kahawa ya chupa moja, ule mlio uliotulia wa Jumapili ya Agosti, vyote vilikuwa na mashahidi wanne, na watatu hawapo. Mwanangu ananisikiliza nikisimulia, ananijibu kwa Kiswidi, anauliza kabureta ni nini. Magari yetu hayana.

Hitma tuliisoma kwenye ukumbi wa Hallonbergen. Walikuja wengi, wa Tanga, wa Mombasa, Wakristo kwa Waislamu, wanawake wamebeba pilau na sambusa kwenye masufuria yaliyofungwa kwa taulo. Mimi niliandika wasifu wa marehemu, nikausoma. Nilisoma alizaliwa wapi, alimwoa nani, na kwamba kwa kazi alikuwa fundi wa injini, fundi hodari.

Nilipoketi, mzee mmoja Mkongo aliinua mkono taratibu. Alifanya kazi na Baba kule mabasini tangu mwanzo mpaka mwisho, na alikuwa amelia kuliko wengine wote.

"Binti, unisamehe," akasema. "Miye nilitumika naye miaka mingi sana. Tulikuwa tunakula pamoja, tunasali kila mtu kwa dini yake pamoja. Mambo ya moteri hakuniambiaka hata siku moja. Ni kweli alikuwa fundi?"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Nilikuwa na maneno yote, ya Kiswahili na ya Kiswidi.

"Ni kweli," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu asiyetaka kumbishia mfiwa, na wakaanza kugawa pilau.